Safu ya Chanzo

Saa nane usiku Tandale imepunguza sauti.
Baa ya kona imezima spika, mbwa wamechoka kujibizana,
na hapo ndipo kazi yetu inapoanza, mimi na Chande Mwinyikondo:
fimbo ya chuma, ncha yake kwenye lami,
kichwa chake sikioni.
Tunatafuta maji yanayopotea.

Mchana hayasikiki. Mchana kila kitu kina la kusema.

Jana Nakijwa, povu la sabuni hadi kwenye kope, aliniuliza:
"Mama, kama Mungu ndiye aliyeumba vyote, Yeye alitoka wapi?"
Nikamwambia oga, maji yatakatika.
Yakakatika kweli.
Swali likabaki limesimama na povu lake.

Basi usiku huu ninalirudisha nyuma kama nilivyofunzwa kazini:
koki hadi mita, mita hadi bomba la mtaa,
bomba la mtaa hadi bomba kuu, hadi matangi, hadi Ruvu,
Ruvu hadi vijito vya Uluguru, kijito hadi mvua,
mvua hadi wingu, wingu hadi bahari hii hii
inayonuka chumvi mwisho wa barabara.

"Umeona?" Chande anacheka. "Umezunguka. Duara halina mwanzo."
"Na uduara wake limepewa na nani?"

Hanijibu. Anahamisha fimbo hatua mbili.
Kisha, bila kunitazama:
"Mabomba elfu, yote matupu, yaunge hadi Kigoma.
Hayatakopeshana hata tone.
Urefu si maji."
Huyu alitoroka madrasa mara tatu, Magomeni.
Inaonekana kuna neno lililomfuata mbio.

Mimi nimelelewa na kengele ya Walutheri, Usangi.
Hapo mwanzo, tulisomewa, nami nikadhani mwanzo ni tarehe,
kama siku ile mheshimiwa alipozindua bomba la kijiji:
utepe ukakatwa, makofi yakapigwa,
mgeni rasmi akapanda gari lake, vumbi likatua.
Leo ninayajua mabomba.
Maji hayaji kwa sababu yalizinduliwa mwaka ule.
Yanakuja kwa kuwa sasa hivi, mahali fulani, yanasukumwa.
Funga huko juu
uone kama utepe utakata kiu ya mtu.

Nasema nina mtoto, na lugha yenyewe inanisahihisha:
ni-na. Niko pamoja naye, basi.
Nina pumzi. Nina usiku huu na matope yake.
Hata huku kuwa kwangu ninako tu,
kama mwavuli wa kuazima, mvua ingali inanyesha.

Na Yeye?
Yupo, tunasema. Po ya wapi?
Yuko: kule, nyuma ya mvua ya kwanza?
Yumo: humu, chini ya lami, ndani ya fundo la goti langu?
Ninavijaribu viambishi kama funguo kwenye kufuli la jirani,
kila kimoja kinazunguka kidogo, kinakwama.
Labda hiyo wapi nayo ni bomba,
limelala kwenye mtaro wake, linangoja kujazwa.

Chande ananyoosha kiganja. Nyamaza.
Ninaweka sikio.
Mvumo. Mwembamba, hauna mkato.
"Hiyo ni damu yako," ananong'ona. "Shusha pumzi kwanza."
Ninashusha.
Mvumo uko pale pale.

Tunachimba. Adhana inatukuta na shimo la kiuno,
bomba limelowa kila upande, tundu hatulioni.
Ninafungua daftari juu ya sururu.
Mtaa: nimeandika. Kina: nimeandika. Kipenyo: nimeandika.
Kwenye safu ya Chanzo kalamu inasimama,
tone linaanguka kutoka kwenye nywele zangu,
mstari unatanuka, unakuwa buluu.

Chini shimoni Chande amekunja suruali,
anatia udhu taratibu, kiganja baada ya kiganja,
kwa maji tuliyotumwa kuyazuia.